Jinsi ya kuzikagua tezi za mate kwa vidole na kioo

Shavu likivimba, au uvimbe ukitokea chini ya taya, wengi husema "ni matezi tu" na kukimbilia duka la dawa kununua viuavijasumu. Mara nyingi hiyo ni hela ya bure, kwa sababu tezi ya mate iliyoziba mfereji haizibuliwi na kidonge, na matubwitubwi ni virusi ambavyo kiuavijasumu hakiviui. Jua kwanza kilichovimba ni nini. Dakika ishirini zinatosha.

Tafuta kioo, tochi ya simu, kitambaa safi, kikombe kidogo, bomba la sindano la mililita 5 lisilo na sindano yake, na kipande cha ndimu au ukwaju. Nawa mikono kwa sabuni. Uwe hujala wala kunywa chochote kwa saa moja.

Mbele ya sikio

Tezi kubwa za mate ni jozi tatu, na parotidi ndiyo kubwa kuliko zote, gramu 15 hadi 30 kila upande. Weka vidole viwili mbele ya sikio, kisha uma meno. Msuli unaokakamaa ni ule wa kutafunia. Parotidi imelalia ukingo wa nyuma wa msuli huo, ikateremka hadi chini ya ndewe na kujipenyeza nyuma ya taya. Ikiwa nzima, hutausikia mpaka wake. Ni laini kama nyama iliyoizunguka. Ikivimba, huisukuma ndewe juu na nje, na ile pembe ya taya uliyozoea kuishika inapotea. Mtazame mgonjwa kwa nyuma: ndewe iliyonyanyuka huonekana upesi zaidi kutoka huko.

Mfereji wake una urefu wa kama sentimita 5. Uma meno tena, shuka upana wa kidole kimoja chini ya mfupa wa shavu, upitishe ncha ya kidole juu na chini. Kitu kinachoteleza kama uzi mnene ndicho chenyewe. Sasa vuta shavu, mulika gego la pili la juu, yaani jino la saba ukihesabu kutoka katikati. Shavuni, mkabala nalo, kuna kinundu kidogo cha nyama. Kikaushe kwa kitambaa, halafu kwa mkono mwingine kanda taratibu kutoka sikioni kuja mdomoni. Subiri. Tone dogo angavu litachungulia kwenye kinundu, litanenepa, litameta kwenye mwanga, kisha litateremka. Tone hilo ni kipimo cha maana kuliko uvimbe wenyewe: likiwa angavu, njia iko wazi; likiwa na ukungu au usaha, kuna maambukizi; lisipotokea kabisa hata baada ya kulamba ndimu, pengine mfereji umeziba au tezi haitoi mate ya kutosha.

Usikubali mtu yeyote achanje au atumbue uvimbe wa sehemu hii nyumbani. Mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, ule wa kufumba jicho na kutabasamu, unapita ndani ya parotidi. Wembe ukiukata, uso unapooza upande huo.

Chini ya taya na chini ya ulimi

Inamisha kidevu kidogo ili ngozi ya shingo ilegee. Ingiza kidole kimoja mdomoni, pembeni chini ya ulimi, na vidole vya mkono wa pili viwe nje, chini ya taya, vikielekea pembe yake. Sukuma vikutane. Kidonge laini kinachocheza kati ya vidole ndicho tezi ya chini ya taya, gramu 7 hadi 15. Hapa ndipo unapoitofautisha na tezi za limfu. Ya limfu huteleza chini ya ngozi kivyake na kidole cha ndani hakiipati vizuri. Ya mate unaishika kwa pande zote mbili.

Nyanyua ulimi uguse kaakaa. Kila upande wa ule ugozi unaoushikilia ulimi kuna kituta kidogo. Hapo ndipo mate ya tezi hii yanapotokea. Tezi ya tatu, ya chini ya ulimi, ni gramu 2 hadi 4 tu na ina vijifereji vingi vidogo. Zaidi ya hizo kuna tezi ndogondogo 600 hadi 1,000 zilizotapakaa midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa.

Kupima wingi wa mate

Kwa siku mtu mzima hutoa lita nusu hadi lita moja na nusu. Keti wima, meza mara moja, kisha usimeze tena: inamisha kichwa, mate yadondoke yenyewe kikombeni kwa dakika 10. Acha povu litulie, uyavute kwa bomba. Mililita 3 au zaidi ni kawaida. Chini ya mililita 1, kinywa ni kikavu kweli. Hapa Tabora kuna kipimo kingine cha haraka: kama huwezi kumeza michembe mikavu (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) bila kusindikiza na maji, mate yamepungua. Kabla ya kulaumu tezi, angalia dawa unazomeza. Amitriptilini, klorofenilamini na furosemidi zote hukausha kinywa. Usiziache mwenyewe, mweleze aliyekuandikia. Na mate yakipungua, meno huoza haraka, kwa kuwa mate ndiyo yanayopunguza asidi na kuyarudishia meno kalisi.

Uvimbe unaokuja na chakula

Ukivimba chini ya taya mara tu unapoanza kula, ukapungua saa moja au mbili baadaye, shuku kijiwe. Karibu vijiwe 8 kati ya 10 hutokea kwenye tezi ya chini ya taya, kwa kuwa mate yake ni mazito, yana kalisi nyingi na hulazimika kupanda kwenda juu. Joto la Septemba na Oktoba, au kushinda ukichochea moto wa bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, huku hunywi maji, huyafanya mazito zaidi.

Pitisha kidole chini ya ulimi kufuata mfereji kutoka nyuma kuja mbele. Kijiwe husikika kama punje ya mtama au kikubwa zaidi. Kunywa maji ya kutosha mchana kutwa. Kabla ya kula, weka kitambaa cha uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15. Lamba ndimu au ukwaju kidogo, kanda tezi kutoka nyuma kuja mbele, kisha sukutua kwa maji asidi isikae kwenye meno. Rudia mara tatu au nne kwa siku. Ukali ukileta maumivu makali, acha: mate yanatengenezwa na hayana pa kutokea. Usichokonoe tundu kwa kijiti wala sindano. Kovu litakalobaki litaziba njia moja kwa moja.

Mtoto mwenye homa na mashavu yaliyovimba

Kwa matubwitubwi, shavu moja hutangulia na la pili hufuata baada ya siku chache. Mbakishe nyumbani siku 5 tangu uvimbe uanze. Mpe uji, maji, na parasetamoli miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 6. Asipewe aspirini wala vitu vikali. Chanjo ya surua na rubella haizuii ugonjwa huu. Korodani zikivimba, shingo ikikakamaa au akianza kutosikia, mpeleke hospitali.

Usingoje

Sakafu ya kinywa ikivimba na kuusukuma ulimi juu, au kumeza na kupumua kukiwa shida, nenda usiku huohuo. Homa pamoja na usaha: siku hiyohiyo. Donge gumu lisilouma lililozidi wiki mbili, au uso ulioanza kulegea upande mmoja, lionwe na daktari wa kinywa na meno. Kwa mjini Tabora anza na hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete. Parotidi zote mbili zikivimba kwa miezi bila maumivu, hasa kwa mtoto, omba kipimo cha VVU. Ukifika, mweleze daktari uvimbe ulianza lini, unabadilikaje wakati wa kula, tone lilikuwa angavu au la, na dawa zote unazotumia.