Ng'ombe Akiingia Joto: Saa ya Kumpandisha

Dume mwenye afya hutengeneza mbegu kila siku. Jike huachia yai moja, mara chache mawili, kila baada ya siku 21 hivi (kati ya 18 na 24), na yai hilo halikai hai hata siku nzima. Ndiyo maana ng'ombe wengi wanaouzwa kwa kuitwa tasa hawana ugonjwa wowote; joto lao, yaani muda wa kutaka dume, halikuonekana, au walipandishwa wakati umeshapita.

Watazame alfajiri, jioni na kabla ya kulala, nusu saa kila mara, wakiwa wametulia. Wakati wa kula hutaona kitu. Dalili ya uhakika ni moja: ng'ombe anasimama tuli akipandwa na mwenzake. Anayepanda wenzake huenda ndiyo kwanza anaanza. Dalili nyingine ni ute mwangavu unaovutika kama ute wa yai bichi, uke kuvimba na kuwa mwekundu, kulialia, maziwa kupungua, na manyoya ya mgongoni karibu na mkia kuvurugika. Ng'ombe wa peke yake bandani hana wa kumpanda, kwa hiyo mtegee ute na kelele. Zebu, ng'ombe wenye nundu, ni wasiri zaidi: joto lao ni fupi, na mara nyingi huja usiku.

Joto hudumu kama saa 12 hadi 18, na yai hutoka saa 10 hadi 12 baada ya joto kuisha. Basi ukimwona asubuhi, apandishwe jioni ile ile. Ukimwona jioni, apandishwe asubuhi inayofuata. Ukikuta damu mkiani, umechelewa, kwani hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto. Usimwite mhimilishaji (mtaalamu wa kupandisha kwa mrija), andika tarehe, uanze kumchunga tena kuanzia siku ya 16.

Mhimilishaji akija, tazama mikono yake. Mrija wa mbegu za dume uliokuwa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri huyeyushwa katika maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 40 hivi, yakipimwa kwa kipimajoto, si kwa kidole. Kisha hukaushwa kabisa, maana tone la maji likiingia huua mbegu. Mbegu humwagwa polepole, mara tu baada ya kuvuka shingo ya kizazi. Zikiishia ndani ya shingo, nyingi hupotea.

Ukitumia dume, mmoja aliyekomaa anatosha majike 20 hadi 25. Papasa korodani: ziwe mbili, zinazolingana, zisizo na uvimbe. Mbegu huchukua takriban miezi 2 kukomaa, hivyo dume aliyepata homa kali anaweza kupanda kwa bidii zote bila kutia mimba kwa muda huo. Dume wa kuazima kijiji kizima ni hatari, kwa sababu husambaza magonjwa ya kutupa mimba.

Mtamba (jike ambaye hajazaa) wa Friesian asubiri kilo 280 hadi 300, umri peke yake hautoshi. Aliyezaa apumzike siku 60. Jike aliyezaliwa pacha na dume usimtegemee: takriban 9 kati ya 10 ni tasa.

Baada ya kupandisha, mchunge siku ya 18 hadi 24. Asiporudi kwenye joto, apimwe mimba kwa mkono baada ya siku 60. Mimba yenyewe huchukua siku 283 hivi.