Kabla hujalipia "kabati la Mjerumani" hapa Tabora, vuta droo kwanza

Mwezi uliopita shemeji yangu, mwalimu aliyehamishiwa hapa kutoka Mwanza, alinipigia simu akiwa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini. "Shemeji, nimepata kabati la Mjerumani. Laki sita. Nitoe?" Nikamwambia asitoe hata senti tano. Avute droo moja, aigeuze, anipigie picha ya mgongoni. Picha ilipofika, mbao za chini zilikuwa na rangi ileile ya mbele, mafuta yanang'aa, na pembeni dole gumba la mtu limeganda kwenye oili chafu. Kabati lenyewe huenda halikuwa limefikisha mwaka.

Tulizunguka naye siku tatu baada ya hapo. Niliyomwonyesha ndiyo haya. Mimi ni seremala, na siku hizi nakarabati vya zamani kuliko ninavyounda vipya.

Hatua ya 1: Jua kinachoweza kupatikana huku

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Septemba 1916 Wabelgiji wakauchukua mji huu mikononi mwa Wajerumani. Piga hesabu: Mjerumani aliishi Tabora na reli yake miaka minne tu. Kabla ya reli, kila kitu kilikuja kwa mabega ya wapagazi, na hakuna mpagazi aliyetoka Bagamoyo na kabati la milango mitatu. Masanduku yalibebwa, ndiyo. Kwa hiyo "la Mjerumani" ni neno la kuuzia, kama "asali mbichi" ya stendi.

Utakachokikuta kwa wingi ni samani za wakati wa Mwingereza: za serikali, za reli, za misheni, za shule, na za maduka ya Wahindi. Nyingi ni za mninga, na zimetengenezwa na mafundi wetu wenyewe. Hazina aibu yoyote. Mimi nazipenda kuliko kasha lenye njumu za shaba, ambalo Zanzibar wanaliunda mpaka leo na anayekuuzia atakuapia ni la babu yake.

Ukikutana na kiti cha kichifu au mlango wa nakshi wa zamani, simama. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya asili vya namna hiyo, pamoja na milango iliyochongwa kabla ya 1940. Acha ulizie kwanza wanaohusika.

Hatua ya 2: Nenda majumbani

Karakana ya barabarani itakuuzia hadithi. Nyumba ya mstaafu itakuuzia kabati. Salimia, kaa, kunywa maji uliyopewa, ndipo uulize.

Hatua ya 3: Tambua mti

Fanya hivi chini ya meza au nyuma ya kabati, kamwe si mbele. Kwangua kidogo kwa kisu. Mninga ni wa kahawia wenye michirizi mekundu, si mzito kupita kiasi, na ubavuni mara nyingi hubaki ukanda mweupe wa mti wa nje. Mkongo ni mzito, ukinyanyua upande mmoja utajua, na kwenye vinyweleo vyake kuna unga wa manjano. Mvule ukiwa mpya ni wa njano, ukizeeka unakuwa kahawia iliyoiva. Mtiki una mafuta, na harufu yake inakumbusha ngozi.

Kikiwa cha mpaina kilichopakwa rangi ya mninga, rudi nyumbani.

Hatua ya 4: Vuta droo, geuza, soma

Hapa ndipo nilipolia, kwa hiyo nivumilie.

Nilipoanza kazi hii nilikuwa nimesoma maelekezo ya Waingereza: ubao wenye alama zilizonyooka za msumeno wa mkono ni wa zamani, wenye alama za nusu duara umepita mashineni, ni wa juzi. Nikanunua meza ya laki tatu na nusu kwa sababu ya alama hizo. Chini ilikuwa na mikwaruzo iliyonyooka, mizuri, na mawimbi madogo ya randa unayoyahisi kwa kiganja. Nikakaa siku mbili, saa kumi na moja kwa jumla, nikiitoa vanishi kwa upole kama naosha mtoto. Nilipofika kwenye ubao wa ndani kabisa, nyuma ya droo, nikakuta maandishi ya penseli ya seremala: vipimo vitatu, na namba ya simu. Tarakimu kumi, inaanza na 07.

Kosa langu lilikuwa rahisi. Kwao kazi ya mkono iliisha zamani, kwa hiyo kwao ni ushahidi wa umri. Kwetu haijaisha. Wapasuaji bado wanasimama mmoja juu ya jukwaa, mmoja chini, wanavuta msumeno. Mafundi wengi bado wanapiga randa kwa mkono kwa sababu umeme unakatika au mashine hawana. Alama ya msumeno wa mkono Tabora inakwambia jinsi ubao ulivyopasuliwa. Mwaka haikwambii.

Angalia vitu hivi badala yake.

Kwanza, kuchakaa. Ingiza mkono chini ya droo, papasa kingo mbili zinazoteleza. Droo iliyovutwa miaka sitini imeliwa huko chini, na mara nyingi imeliwa zaidi upande wa nyuma, ikawa na mteremko. Kisha papasa njia inayopita ndani ya kabati: nayo iwe imelika. Droo imelika na njia iko bapa kama rula? Moja kati ya hizo imetoka kwingine. Si lazima iwe utapeli, mafundi tunabadilisha njia kila siku, lakini uliza, na bei ishuke.

Pili, kusinyaa. Mbao husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu haisinyai. Chukua futi ukapime meza ya duara mara mbili, kufuata nyuzi za mbao na kukatisha nyuzi. Ya zamani itakuwa fupi kidogo kwa kukatisha. Kwenye mlango wa kabati, tazama ubao wa katikati pale unapoingia kwenye fremu: ukisinyaa unachomoza utepe mwembamba ambao haukupata vanishi. Sasa tahadhari, na hii hutaikuta kwenye maelekezo ya wenye baridi. Huku kwetu mvua ikikata Mei mpaka Oktoba hewa inakauka kabisa, na fundi aliyetumia mbao mbichi ataona mlango wake umesinyaa kabla ya mvua za Novemba. Kwa hiyo utepe peke yake hautoshi. Utazame rangi. Ukiwa mweupe msafi, ni wa msimu huu. Ukiwa umejaa vumbi lililoganda na umeiva karibu sawa na wenzake, hapo tuongee.

Tatu, skrubu. Fungua moja tu, ya bawaba. Skrubu za nyota zilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930, kwa hiyo kabati la "Mjerumani" lenye nyota kila mahali limejisema lenyewe. Lakini bawaba hubadilishwa! Usikimbie kwa sababu ya bawaba mpya. Tafuta matundu ya zamani yaliyozibwa, tafuta kivuli cha bawaba ya kwanza kwenye mbao. Na usifurahie upesi ukiona skrubu za mfereji mmoja, maana zipo dukani hadi leo. Inayonishawishi mimi ni ile iliyong'ang'ania, ikitoka inaacha doa jeusi la kutu kwenye tundu.

Nne, mgongo wa kabati. Hardbodi ni ya miaka ya 1920 na kuendelea, chipbodi ilisambaa baada ya Vita Kuu ya Pili. Ila tena, mchwa wa Tabora unawajua. Migongo mingi imeliwa ikawekwa mingine. Mgongo mpya haufuti kabati zee.

Tano, ambayo ningeiweka kwanza kama ingekuwepo kila mara: mihuri. Angalia nyuma ya droo, chini ya kiti, ndani ya mguu wa meza. P.W.D. ni idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni. E.A.R.&H. ni reli na bandari za Afrika Mashariki, jina lililoanza 1948 na kukoma 1969 shirika lilipogawanywa. T.R.C. ni shirika la reli la Tanzania, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977. Muhuri unakupa mwenye mali, na unaweza kuwa ulipigwa wakati wa kuhesabu mali, miaka mingi baada ya kitu kuundwa. Nimewahi kuona kiti kina mihuri miwili, mmoja juu ya mwingine.

Siku ya tatu ndipo tulipokipata cha shemeji, Isevya, kwa mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnataka hilo? Lilikuwa la marehemu baba yenu, alikuwa reli."

Nikavuta droo ya chini. Kingo zimelika upande wa nyuma. Nikaigeuza: E.A.R.&H., herufi zimechomwa kwa chuma cha moto, na namba tatu zilizofifia. Ndani, kwenye kona, punje mbili za karanga na tikiti ya treni iliyokatwa. Shemeji alitaka kupiga kelele, nikamkanyaga mguu.

Muulize muuzaji mali ya shirika ilifikaje nyumbani. Mama alijibu bila kusita: mumewe aliinunua kwenye mnada wa shirika, na karatasi ilikuwa kwenye Biblia.

Hatua ya 5: Tone la spiriti

Mahali pa siri, kwa pamba. Rangi ikilainika na kunata ni shelaki, yale magamba ya rangi ya asali yanayoyeyushwa kwenye spiriti, dalili nzuri. Isipolainika, jaribu tina: ikiyeyuka ni vanishi ya kupuliza. Ikikataa zote, mtu ameipaka vanishi za siku hizi, na kilicho chini hukijui.

Kama kimepakwa rangi nzito ya zamani, usiipige msasa mkavu. Inaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Hatua ya 6: Wadudu

Matundu ya zamani ni meusi ndani. Mapya ni meupe na yanamwaga unga. Ukiwa na shaka, weka kitambaa cheusi chini kwa wiki nzima. Matundu yakiwa kwenye ule ukanda mweupe wa mninga tu, mimi nanunua. Yakiingia kwenye mti mwekundu, sigusi.

Hatua ya 7: Bei na karatasi

Mama alianza na laki nne. Tukamaliza laki mbili na themanini, na sikumkandamiza zaidi, alikuwa ametupikia chai. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari: nani, nini, tarehe, sahihi mbili. Niliwahi kusimamishwa barabarani na meza ya mninga, nikaulizwa mbao zimetoka msitu gani.

Hatua ya 8: Kubeba

Toa droo. Funga milango kwa kamba. Guta linatosha.

Hatua ya 9: Usiliharibu

Mashine ya msasa isikaribie. Nasema kwa sauti. Dakika tano zinafuta rangi iliyochukua miaka sabini, na hakuna fundi wa kuirudisha. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kausha papo hapo.

Vanishi inayong'aa kama sahani nayo sitaki kuiona. Tumia nta ya nyuki, tuko Tabora jamani, tuna nta kuliko chumvi. Nta sehemu moja, tapentaini sehemu mbili. Yeyusha nta kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Zima moto kabisa, ipua, toka nje, ndipo umimine tapentaini, maana mvuke wake unashika moto. Paka kidogo sana, acha nusu saa, sugua kwa fulana ya zamani. Rudia baada ya wiki.

Droo ikigoma kufunga wakati wa mvua, usipige randa. Mbao zimevimba, Juni zitarudi. Chukua kipande cha mshumaa, sugua kingo za chini na njia zake. Shemeji alinipigia jana usiku kuniambia ya kwake sasa inateleza, na kwamba ile tikiti ya treni ameirudisha kwenye kona yake.