Kabla ya kwenda kupigwa MRI ya kiungo cha taya

Kabla ya kupanga tarehe, muulize daktari wako anatafuta nini. Taya linalolia "ka!" unapopiga mwayo, lakini haliumi wala halikwami, mara nyingi halihitaji MRI, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku kubwa. Diski ya kiungo, kile kipande laini kilicho kati ya taya na fuvu, hukutwa imehama hata kwa watu ambao hawajawahi kuumwa taya, na kuwatibu hao ni kutibu picha. Kipimo hiki kina kazi pale mdomo unapogoma kufunguka, maumivu yanapokataa dawa, au upasuaji unapofikiriwa. Eksirei na CT-Scan huonyesha mfupa vizuri. Ile diski, iliyo mbele kidogo ya sikio, na maji yakijaa ndani ya kiungo, huonekana kwa MRI, tena bila mionzi.

Soma fomu ya rufaa mwenyewe. Iandikwe viungo vya taya, kulia na kushoto, mdomo ukiwa umefungwa na ukiwa wazi. Mtu anaweza kutoka Mbagala alfajiri na fomu ya "MRI ya kichwa", akarudi jioni na picha safi kabisa ya ubongo.

Hiyo ya mdomo wazi ndiyo yenye jibu. Kwa mwenye taya linalolia, diski iliyotangulia mbele hurudi mahali pake anapofungua mdomo. Kwa aliyekwama, hairudi, inabaki imezuia njia. Kwa hiyo fanya mazoezi nyumbani. Mdomo wa kawaida huingiza vidole vitatu vyako mwenyewe vilivyopangwa wima. Vyako vinaingia vingapi, na unaweza kukaa hivyo dakika kadhaa bila kutetemeka? Mwambie mtaalamu ukweli, maana atakuwekea kizuizi kati ya meno kulingana na hapo. Mate yatajaa, na kumeza huitikisa picha. Yaache yatiririke, hakuna anayekucheka. Usiku wa kuamkia kipimo achana na muwa na mahindi ya kuchoma. Taya lililochoka halivumilii.

Suala la chuma halina mzaha, kwa sababu sumaku ya MRI huwa inafanya kazi hata mashine ikiwa kimya. Taja mapema betri ya moyo, klipu ya mshipa kichwani, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, na ujauzito. Fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni aseme, hata kama ni miaka mingi iliyopita. Halafu kuna vile tunavyosahau: pini za ushungi, kipini cha pua, vibanio ndani ya wigi, hirizi yenye bati, shanga za kiunoni zenye kifungo cha chuma. Vivue nyumbani, utaepuka aibu ya kuvivua mlangoni. Meno bandia ya kuvua nayo yanatoka. Nyaya za kunyoosha meno kwa kawaida hazina hatari kubwa, ila huharibu picha hapo hapo karibu na taya. Ongea kwanza na daktari wa meno aliyekufunga.

Kwa kutafuta diski tu, sindano ya dawa ya kung'arisha picha kwa kawaida haihitajiki. Ikishukiwa baridi yabisi ya kiungo inaweza kuhitajika, na hapo taja ugonjwa wa figo kama unao. Kama huchomwi sindano hiyo wala hupewi dawa ya usingizi, kula kama kawaida.

Unayeogopa kubanwa mahali padogo, sema siku ya kupanga tarehe. Utalala ndani ya mashine kama nusu saa, kwa kelele za kugonga, na chumba ni baridi hata joto la Februari likiwa linawaka nje. Wenye bima waulize kibali kabla ya kupanda daladala.

Ukimaliza, usiondoke na ripoti peke yake. Omba CD ya picha zenyewe, maana daktari wa kinywa na taya atataka kuiangalia hiyo diski kwa macho yake.