Kuangusha mkaratusi ulioinamia nyumba

Mti ulioinamia nyumba hauangushwi kwa msumeno peke yake. Kinachougeuza ni kamba. Ifunge kwenye shina, kama theluthi mbili ya urefu wa mti, kabla ya kukata popote. Ukiifunga chini utavuta mpaka uchoke. Ipitishe kwenye kapi lililofungwa kwenye mti mwingine imara, ili mwenye winchi ya mkono akae pembeni, mbali na mti unapolalia.

Kata mdomo (pengo lenye umbo la kabari) upande wa kuangukia, kina robo ya kipenyo. Kaza kamba kiasi, kisha kata nyuma. Upanga wa msumeno ukishazama, gonga kabari za plastiki au za mti mgumu (chuma kitaharibu mnyororo). Ukichelewa, mti unaukalia msumeno na hautoki.

Acha bawaba, yaani mbao isiyokatwa kati ya mdomo na mkato wa nyuma, ya sehemu moja ya kumi ya kipenyo: shina la sentimita 40, acha sentimita 4. Hiyo ndiyo usukani. Ukiikata yote, mti unaweza kurudi kwenye paa. Wala usivute kwa nguvu bawaba ikiwa bado nene: shina hupasuka wima, na kipande kikaruka nyuma usawa wa kifua. Mkaratusi una tabia hiyo hasa.