Ada ya maegesho hospitalini Malindi: namna ya kuipinga ukiona umeonewa

Mimi huendesha teksi hapa Malindi, na abiria wangu wengi ni wa hospitali: wazee wa Ganda na Msabaha wanaokuja kliniki ya presha, akina mama wa Mambrui na Gongoni wanaovuka Sabaki na watoto mgongoni, na wale wa kusafishwa damu wenye siku zao za kila wiki. Kwa hiyo mageti ya kulipia nayajua. Wenzangu stejini wakitozwa pesa wasizozielewa huniletea risiti, na ninayowaambia ni haya.

Kubwa kuliko yote: usigombee bei, gombea muda. Ukisema shilingi 250 ni nyingi, utaonyeshwa ubao na mazungumzo yataishia hapo. Lakini ukionyesha kwamba saa mbili kati ya hizo ulizotozwa zilikuwa za hospitali yenyewe, mgonjwa ameshaandikiwa kwenda nyumbani na bado mnangoja bima ithibitishwe, hapo msimamizi atavuta kiti. Na ushahidi wa hilo hospitali imekupa kwa mikono yake.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka getini

Kazi kubwa ya malalamiko hufanyika ukiwa bado ndani. Kadi ikishamezwa na mashine, au tiketi ikishachukuliwa na bawabu, umebaki na maneno matupu.

Piga picha ya tiketi, ya kioo cha mashine kinachoonyesha deni, na ya ubao wa bei. Ubao upige mara mbili: karibu, maandishi yasomeke, kisha ukiwa umekaa kwenye usukani pale gari linapoingilia. Picha hii ya pili watu huidharau, nami naiona bora kuliko ya kwanza. Huku kwetu chumvi ya bahari na jua hufuta rangi upesi, na mbao nyingine zimefunikwa na tawi la mwarobaini. Kama dereva anayeingia hawezi kuusoma ubao, hilo ni hoja, na picha ya karibu haiwezi kuionyesha.

Kisha lipa. Najua inauma, lakini usizibe geti la hospitali. Nyuma yako pengine kuna ambulansi. Mwambie anayepokea pesa, kwa upole: “Dada, nalipa lakini sikubaliani na hesabu hii, nitaandika malalamiko.” Lipa kwa M-Pesa badala ya noti, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa una nambari ya muamala, saa, kiasi, na jina la aliyepokea. Ukiombwa utume kwa nambari ya mtu binafsi, kataa, omba nambari rasmi ya malipo. Pesa inayoingia kwenye simu ya mtu si ada tena, na nitaigusa mbele.

Usijaribu kuirudisha pesa kwa kupeleka ujumbe wa M-Pesa kwenye nambari 456. Huduma hiyo ni ya pesa iliyokwenda pasipo pake kwa makosa. Ugomvi wa ada haumo humo.

Hatua ya 2: Zipange saa zako

Rudi nyumbani, mwaga karatasi zote mezani. Karatasi za hospitali karibu zote zina saa: risiti ya kujiandikisha, majibu ya maabara, risiti ya dawa, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini. Tangu bima ya afya ya SHA ichukue nafasi ya ile ya NHIF mwezi Oktoba 2024, muda mwingi huliwa kwenye dirisha la bima, hasa mtandao ukilala. Kama ulitumiwa ujumbe wa kuthibitisha bima, saa yake imo kwenye simu.

Tuseme ubao unasema shilingi 50 kwa saa. Umeingia 09:14. Daktari amemruhusu mgonjwa 11:05. Dirisha la bima limewamaliza 13:06. Umetoka getini 13:22, ukatozwa 250.

Hapo mna hoja mbili, na nyingi ninazoletewa hufanana na hizi. Ya kwanza ni kungojeshwa: kutoka 11:05 hadi 13:06 hukuwa na shughuli yako hospitalini, ulizuiwa na utaratibu wao. Ya pili hupita kimya kimya: umekaa saa nne na dakika nane, lakini umetozwa saa tano. Je, ubao umesema kwamba sehemu ya saa huhesabiwa saa nzima? Kama haukusema, hesabu hiyo wamejitungia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka maneno yenye utata katika makubaliano yafasiriwe kwa manufaa ya mteja.

Saa ziandike kwa tarakimu, kama zilivyo kwenye karatasi. Ukiandika “saa tatu”, mmoja ataelewa asubuhi na mwingine ataelewa 3:00 ya kizungu, na barua itakwama kwa jambo la bure.

Kuna yasiyoshinda, nami huwa siyaandikii barua. Kama uliliacha gari hapo ukaenda sokoni kununua samaki, lipa uende zako. Tiketi iliyopotea nayo ni ngumu, ila si ya kukata tamaa: wakikutoza ya siku nzima, uliza kama nambari ya gari iliandikwa kwenye daftari la getini au ilinaswa na kamera, kisha omba hesabu ifanywe kwa saa hiyo.

Hatua ya 3: Jua ni nani aliyekutoza

Anayevaa sare getini si lazima awe wa hospitali. Tazama jina kwenye ujumbe wa M-Pesa na kwenye risiti.

Likiwa la kaunti, ada hiyo lazima iwe na mguu wa sheria. Kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kodi au ada ya leseni kutozwa bila sheria, na kaunti huziweka ada zake katika Sheria ya Fedha ya kila mwaka wa serikali, unaoanza tarehe 1 Julai. Swali lako ni fupi: ada hii imo katika jedwali lipi la Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kilifi ya mwaka huu? Liulize kwa maandishi. Kumuuliza askari wa kanjo, yaani wa kaunti, juani ni kumwonea na yeye.

Likiwa la hospitali binafsi au la kampuni iliyokodishiwa uwanja, wewe ni mteja, na sheria ile ya 2012 ndiyo yako. Mwandikie msimamizi wa hospitali na nakala uipeleke kwa kampuni. Hospitali husema “hao si sisi”, kampuni nayo husema imefuata maagizo ya hospitali. Barua moja iliyofika kwa wote wawili hufupisha mchezo huo.

Hatua ya 4: Barua

Ukurasa mmoja unatosha. Usieleze ulivyotukanwa na bawabu, hata kama kweli alikutukana. Hilo ni lalamiko jingine, na ukilichanganya watalijibu hilo waache la pesa. Mimi huandika hivi:

“Kwa Msimamizi wa Hospitali. Kuhusu: ada ya maegesho ya gari nambari (…), tarehe (…). Niliingia 09:14, nikatoka 13:22, nikatozwa shilingi 250. Mgonjwa niliyemleta aliruhusiwa 11:05 (nakala A). Uthibitisho wa bima ulikamilika 13:06 (nakala B). Ubao wa bei hausemi kwamba sehemu ya saa hutozwa saa nzima (picha C). Naomba nirudishiwe shilingi 100 za muda tuliongojeshwa. Mkikataa, naomba sababu kwa maandishi ndani ya siku 14.”

Kwa nini 100, wala si zote? Kwa sababu hata ningeondoka 11:25, baada ya kumwingiza mgonjwa garini, mashine yao ingenihesabia saa tatu, yaani 150. Anayedai sehemu aliyoonewa tu hujibiwa upesi kuliko anayetaka zote. Ile hoja ya sehemu ya saa naitaja tu kwenye barua; pesa yake siidai, huiweka kama akiba, wakianza kubishana.

Majibu ya daktari na jina la ugonjwa yafunike kabla ya kutoa nakala. Wanachohitaji ni saa. Toa nakala mbili za barua, zipeleke kwa mkono, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 5: Wakinyamaza

Kwa hospitali ya umma una njia nzuri isiyo na gharama kubwa: ombi la taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, nao wana siku 21 za kujibu. Omba nakala ya jedwali la ada, na mkataba wa kampuni ya maegesho kama ipo. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki katika Utawala. Hapokei ada, na hata asiyejua kuandika anaweza kulalamika kwa mdomo.

Ile ya kutakiwa ulipe kwa nambari ya mtu binafsi ipeleke EACC, tume ya kupambana na ufisadi. Wana ofisi hapa hapa Malindi.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Kwa shilingi 100 siipendekezi, nauli na siku ya kazi zitakula zaidi. Lakini gari likifungwa mnyororo au kukokotwa ukalipishwa maelfu, nenda rejista ya mahakama ukaulize.

Wakikubali kukurudishia, mara nyingi utapewa karatasi ya kutia sahihi. Soma kiasi kilichoandikwa, na usitie sahihi mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie.