Unakaa Kibaha kazi Posta? Hivi ndivyo ninavyochagua gari ya mkononi ya kwenda na kurudi kila siku

Mwezi uliopita nimemaliza wikendi tatu nzima nazunguka na shemeji yangu kutafuta gari. Anakaa Kibaha, Picha ya Ndege, kazini kwake Posta katikati ya Dar, na kila siku alikuwa anaamka saa kumi alfajiri ili awahi daladala. Akafika mahali akaniambia shem nimechoka, nina milioni kumi na mbili, twende ukanitafutie gari. Tuliangalia sita, tukanunua moja. Njia hii mimi mwenyewe huu ni mwaka wa saba naiendesha, na kuna mambo nilijifunza kwa hela yangu, kwa hiyo nayaandika hapa kama tulivyoyafanya, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya njia yako

Kabla hujaipenda gari yoyote chukua karatasi. Kibaha mpaka Posta ni kama kilomita 40, kwenda na kurudi 80. Ukifanya siku 24 kwa mwezi hiyo ni kilomita 1,920, kwa mwaka inapita 23,000. Gari ya mtu anayetoka Sinza kwenda Mwenge haifikii hata robo ya hapo, ndio maana ushauri wake usiuchukue hivi hivi.

Sasa mafuta. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Gari inayokwenda kilomita 14 kwa lita itakula kama 411,000 kwa mwezi. Ile ya kilomita 9 kwa lita itakula 640,000. Tofauti ni zaidi ya laki mbili kila mwezi, kwa mwaka milioni mbili na laki saba. Shemeji alikuwa anaitaka sana Toyota Crown, ya injini kubwa, nikamwonyesha hii karatasi akanyamaza kidogo halafu akasema haya tuangalie ndogo.

Hatua ya 2: Chagua injini na giaboksi, umbo baadaye

Hapa nina msimamo na siufichi: kwa njia ndefu ya kila siku na bajeti ya kawaida, tafuta Toyota yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, na giaboksi ya otomatiki ya kawaida ya gia nne. Utaikuta kwenye IST ya 1.5, Premio na Allion za NZT240, Spacio, Raum, Fielder, Probox. Inatumia cheni ya taimingi, sio mkanda, kila fundi anaijua, na spea zake Kariakoo na Gerezani hazikosi, mpya na za mtumba. Gari ikikuharibikia saa mbili usiku Kibamba, unataka gari ambayo fundi wa kwanza utakayempata ameshaifungua mara mia.

IST ya 1.3 sio mbaya, ila ukipakia watu wanne, AC inawaka, unapanda vilima vya Mbezi, utaona inavyojikamua. Passo na Vitz za piston tatu ziache zifanye kazi ya mjini. Na Premio ya 2.0 yenye maandishi ya D-4 mimi siigusi, kwa sababu petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta, zinajaa masizi, halafu pampu yake ya presha kubwa ikifa bei yake inaumiza.

Jinsi ya kujua una nini: fungua boneti tafuta kile kibati cha chuma chenye maandishi (kwenye gari zingine kiko mlangoni). Kitakuambia modeli, injini, na pale palipoandikwa TRANS/AXLE kuna namba ya aina ya giaboksi. Kwa Toyota hizi ndogo, ikianza na U, mfano U340E, hiyo ni otomatiki ya kawaida. Ikianza na K, mfano K310, hiyo ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za kawaida. Piga picha hicho kibati kila gari unayoiona. CVT sio kwamba ni takataka, iliyotunzwa inakula mafuta kidogo sana, lakini kwenye hatua ya 5 utaona kwa nini nikiikuta namwuliza muuzaji maswali mengi.

Hatua ya 3: Simu

Usipande gari kwenda kuangalia gari kabla hujauliza: kadi ina jina la nani, mwenyewe nitamkuta, na nataka nikute haijawashwa siku hiyo. "Unaweka mafuta tu unaondoka" sio jibu. Anayezunguka kwenye jina la kadi, achana naye.

Hatua ya 4: Macho

Nenda mchana, gari ikiwa kavu. Angalia nati zinazoshika mabawa ya mbele na boneti, zikiwa na alama za spana ujue zilifunguliwa. Vioo vyote viwe na chapa ya kampuni moja. Tairi zina namba nne za tarehe, mfano 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Geji inasoma kilomita 78,000 lakini raba ya pedeli ya breki imelika upande na usukani unang'aa kama umepakwa mafuta? Amini pedeli.

Vuta mkanda wa dereva wote mpaka mwisho. Ukikuta alama ya tope au mstari wa maji kule ndani, hiyo gari ilishaoga mafuriko, na Dar tunajua Jangwani panavyokuwa mvua zikikolea. Nyanyua na kapeti, nusa, angalia reli za siti kama zina kutu. Gari ya tatu tuliyoenda kuona ilikuwa hivyo hivyo, rangi inang'aa vizuri kabisa, mkanda una mstari wa kahawia.

Hatua ya 5: Kuiendesha (hapa usiwe na haraka hata kidogo)

Gari yangu ya kwanza ilikuwa sedani ya Kijapani yenye CVT na niliijaribu dakika kumi tu, jioni, kuzunguka mitaa miwili, gia zinaingia kimya hata huzisikii, nikalipa. Wiki ya tatu niko Mbezi kwenye foleni, jua la saa nane, nakanyaga mafuta injini inanguruma, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unafika 4,000, gari yenyewe inatambaa kama imefungwa kamba. Nikaweka pembeni. Baada ya saa nzima ikapoa, nikaondoka nayo vizuri kabisa. Keshokutwa tena. Nilihangaika karibu miezi miwili, fundi wa kwanza alisema plagi, wa pili pampu ya mafuta, wa tatu akabadilisha senso, kila mmoja nikimpelekea gari asubuhi imepoa anaiendesha anasema mbona nzima. Wa nne, mzee mmoja mtaratibu, akaniuliza swali moja tu: oili ya giaboksi nani alibadilisha? Nikampigia aliyeniuzia. Akasema ndio, alibadilisha kabla ya kuuza, aliweka haidroliki ya kawaida ya kwenye dumu.

CVT haina gia kama tulivyozoea. Ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili vile vyuma vishikane bila kulana. Ukiweka haidroliki ya kawaida mkanda unateleza, ukiteleza unapata moto, ukipata moto unachana puli. Nilipojua ilikuwa tayari imechanika, nikanunua giaboksi ya mtumba kwa milioni mbili na ushee. Na kosa lote hilo lilikuwa haliwezi kuonekana ndani ya dakika kumi, gari ikiwa ya baridi. Ndio maana sasa hivi nafanya hivi:

Kwanza, kabla haijawashwa, gusa paipu ya juu ya rejeta. Ikiwa ya moto, wameiwasha kabla hujafika, na mtu anayeipasha gari moto asubuhi kuna kitu hataki ukisikie. Gari ya kwanza ya shemeji tulifika saa mbili, boneti inaunguza mkono, tukaaga. Ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta uangalie maji: yawe na kulanti (maji maalumu ya rejeta), sio maji ya kutu. Mfuniko huu usiufungue kamwe injini ikiwa na moto, maji yatakurukia usoni. Fungua na mfuniko wa oili, chini yake ukikuta ute kama maziwa ya kahawa, ondoka.

Halafu zungusha ufunguo taa za dashibodi ziwake, usipige stata. Taa ya chekinjini na ya oili lazima ziwake hapo. Isiyowaka kabisa imechomolewa au imezibwa.

Washa, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe wa dakika moja asubuhi ni mvuke tu, ila ukiendelea injini ikishapata moto, hiyo inakunywa maji ya rejeta. Kanyaga breki, weka R, subiri, weka D, subiri. Ikichelewa zaidi ya sekunde mbili kushika, au ikishika kwa kishindo, andika.

Sasa ingia barabarani, na hapa nasema SAA NZIMA, sio dakika kumi. Mwambie muuzaji ndugu naweka mafuta ya elfu ishirini tunakwenda mpaka Mbezi tunarudi. Wengi wanakubali. Anayekataa, niambie mwenyewe kwa nini anakataa. Panda watu watatu, washa AC mpaka mwisho, nenda palipo na foleni, kwa sababu hiyo ndiyo kazi utakayoipa. Kwenye foleni angalia temprecha. Gari nyingi ndogo hazina mshale, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na ile nyekundu ikiwaka umeshachelewa, kwa hiyo mimi natembea na kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kwenye simu. Kwa 1NZ nataka kuona kati ya nyuzi 85 na 95, feni ikiwaka inashuka. Ikipita 100 na inaendelea kupanda huku mmesimama, hata kama muuzaji anasema ni feni tu, acha. (Kifaa cha bei rahisi sana kuna magari ya Japani kinakataa kuongea nayo, kijaribu kwanza kwenye gari ya rafiki.)

Njia ikifunguka, mahali panaporuhusu na pasipo na tochi, nenda 80 na ushike hapo. Kwenye otomatiki ya kawaida, kati ya 60 na 80 ukiwa umetulia utaona RPM inashuka kidogo yenyewe. Wakati huo gari isitetemeke kama imepita kwenye rasta. Panda mlima, kanyaga taratibu: RPM ikipanda na mwendo haupandi, ndio ule ugonjwa wangu.

Mkirudi usizime. Iache inaunguruma dakika kumi na AC, halafu rudia R na D ikiwa na moto, maana giaboksi inayokufa inashika vizuri asubuhi na inachelewa ikichemka. Zima, subiri dakika tano, washa tena. Chungulia chini: maji meupe ya AC ni sawa, chochote chekundu au cheusi sio sawa.

Na kama ni gari ya yadi ambayo haijasajiliwa, huwezi kwenda nayo mbali. Utaiwasha palepale dakika 45 na AC, lakini hiyo sio sawa na barabara. Ndio sababu mojawapo napenda gari yenye namba tayari. Usisahau kuuliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na iliwekwa ipi. Ikiwa ni CVT na hajui, mimi siendelei.

Hatua ya 6: Fundi wako

Wako, sio wa dalali. Ainyanyue aangalie bushi, boljointi, shokapu, buti za shafti, uvujaji. Bushi na linki sio sababu ya kuacha gari, ni sababu ya kupunguza bei.

Hatua ya 7: Karatasi

Namba ya chesisi kwenye chuma ifanane na kadi, herufi kwa herufi. Angalia mtandaoni faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA kwa namba ya gari. Kadi ikiwa na jina la benki pia, mkopo haujaisha. Mkataba kwa wakili, malipo kwa benki, uhamisho wa umiliki TRA mara moja, usikae na kadi ya jina la mtu.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Tenga kama laki tano ambayo hutaigusa kwenye kununua. Badilisha oili ya injini na filta, kulanti, plagi, filta ya hewa, kagua padi za breki. Kwa kilomita zetu, oili ya kila kilomita 5,000 inamaanisha kila miezi miwili na nusu, andika kwenye daftari, usiweke kichwani. Giaboksi ya U340E kwenye gari za umri huu kwa kawaida inataka oili ya Type T-IV, za baadaye zinataka WS, kwa hiyo soma kitabu cha gari, nunua duka unaloliamini na simama hapo fundi akiweka.

Shemeji alichukua gari ya sita, Spacio ya fedha, mwalimu mmoja wa Kongowe alikuwa nayo miaka mingi na ana risiti za oili kwenye bahasha. Ilipita saa nzima ya Mbezi na jua bila kuvuka 94. Linki za mbele zilikuwa zinagonga tukapunguziwa laki tatu, na Jumamosi hii tunakwenda Gerezani kuzinunua.