LSD au difuloki? Namna ya kuchagua kwa gari la porini

Masika yakikaribia, swali ni lile lile. Safari hii limetoka kwa kijana anayeendesha watalii hapa Arusha, kanunua Land Cruiser ya mkono wa pili na fedha kidogo imebaki: "Fundi, niweke LSD au difuloki?" Difu ni lile boksi la gia katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia; LSD (limited-slip differential) huibana kiasi, difuloki huifunga kabisa. Tulishinda naye chini ya gari lile tukitafuta jibu, na mengi tuliyoyafanya nayaandika hapa kwa mwingine mwenye swali hilo. Nachukulia unajua kupiga jeki, unajua propela ni ipi, na gari lako lina fo-wili inayofanya kazi.

Na kabla hujatoa hata shilingi, angalia habu za mbele, vile vifungo vya katikati ya matairi ya mbele vinavyoyaunganisha na shafti zake. Magari ninayoitwa kuyavuta "yameshindwa na tope", mengine dereva hakushuka kuzifunga. Gari la namna hiyo halihitaji difuloki, linahitaji dereva ashuke.

Hatua ya 1: Jua gari lako linakwama vipi

Difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa kati ya tairi la kushoto na la kulia. Ubaya wake ni kwamba tairi dhaifu ndilo linaloamua. Likiwa juu ya utelezi linazunguka bure, na mwenzake aliye pakavu anapewa kile kile kidogo.

Kwa hiyo jiulize: ukikwama, tairi linalozunguka bure huwa linagusa ardhi inayoteleza, au huwa limening'inia hewani? Ukijibu hilo umeshamaliza nusu ya uamuzi.

Hatua ya 2: Fanya hesabu hii mara moja tu

LSD ni difu inayobana. Ndani yake kuna sahani za klachi au gia za mshazari zinazozuia tairi moja kukimbia mno. Kila LSD ina uwiano wake, yaani tairi lenye mshiko linaweza kupewa mara ngapi ya lile linaloteleza. Tuseme yako ni 2.5 kwa 1, na tairi lililo kwenye tope linaweza kushika Nm 200 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha). La pili litapata hadi Nm 500, jumla 700. Kwa difu ya kawaida ungepata 200 na 200, jumla 400. Tofauti hiyo utaisikia makalioni.

Sasa tairi lile linyanyuke hewani. Linashika sifuri, na sifuri mara 2.5 ni sifuri. LSD ya sahani ina springi zinazobana kiasi hata bila mzigo, kwa hiyo inabakiza nguvu kidogo. Ya gia haibakizi kitu cha maana. Hapo utakanyaga breki taratibu kwa mguu wa kushoto, au uvute handibreki meno mawili matatu, ili tairi la hewani lipate ukinzani na difu ipate cha kuzidisha. Inasaidia, lakini usitegemee kupanda korongo kwa ujanja huo kila siku.

Difuloki haina uwiano. Inafunga shafti mbili, ya tairi la kushoto na ya la kulia, ziwe kitu kimoja. Tairi moja hewani, jingine linapata chote ambacho ardhi yake inaweza kubeba.

Hatua ya 3: Kagua difu uliyonayo sasa

Watu wanairuka hatua hii kwa sababu muuzaji kawaambia "ina LSD" au wameona swichi kwenye dashibodi. Kwenye gari la kijana ilitumaliza alasiri nzima, kwa hiyo nitakaa hapa.

Anza na namba ya chesisi. Mpelekee muuza spea anayetumia katalogi ya Toyota akuambie gari lilitoka kiwandani na difu gani. Wakati mwingine pia kuna kibandiko karibu na bolti ya kujazia oili kinachosema itumike oili ya LSD tu. Ila hizo ni habari za siku gari lilipozaliwa. Gari lililopita kwenye mikono mitatu huenda lilipasua krauni (gia kubwa ya difu) njiani likawekewa difu ya skrepa, na swichi ya dashibodi ikabaki pambo. Lazima upime.

Weka vizuizi kwenye matairi ya mbele. Nyanyua ekseli ya nyuma, matairi yote mawili yawe juu, na stendi chini ya ekseli. Usimwamini jeki peke yake. Fo-wili itoe, handibreki iachie.

Jaribio la kwanza: gia iwe nyutro. Zungusha tairi la kushoto kwa mkono. La kulia likienda kinyume, difu pengine ni ya kawaida. Likienda upande ule ule, pengine ni LSD. Nasema "pengine" mara mbili makusudi. Kwenye nyutro propela iko huru, na difu ya kawaida yenye oili nzito na baridi ya asubuhi inaweza kulibeba tairi la pili likaenda upande ule ule. Mafundi wengi wanaishia hapo na kutangaza LSD ambayo haipo.

Jaribio la pili ndilo ninaloliamini: ingiza gia ya kwanza, au weka P kama ni otomatiki, ili propela isizunguke. Jaribu tena. Difu ya kawaida itazunguka kwa urahisi, tairi la pili likienda kinyume. LSD ya sahani iliyo hai itakataa, mpaka utie mtarimbo kati ya nati za tairi na kusukuma kwa nguvu, ndipo itasogea huku ikibana sawasawa. Isiposogea kabisa, basi difu imefungwa: ama difuloki imegandia ndani, ama kuna mtu aliichomelea. Ya kuchomelea nimekutana nayo kwenye magari ya kazi, na sishauri mtu alitembeze barabarani gari la namna hiyo. Kwenye kona ya lami shafti inasokotwa kila siku mpaka siku inakatika.

Kabla hujaamini jibu lolote, hakikisha breki hazishiki. Hicho ndicho kilichotuchelewesha. Tairi la kulia la gari la kijana lilikuwa gumu na tukaona dalili zote za LSD. Tulipofungua ngoma, viatu vya breki vilikuwa vimejaa tope lililokauka kama tofali, na springi ya kuvirudisha imekatika. Tulisafisha, tukabadilisha springi, tukapima upya: difu ya kawaida kabisa. Kwa hiyo vua ngoma zote mbili kwanza. Kagua pia kebo ya handibreki, kwa sababu ikiganda inadanganya vile vile.

Mtego mwingine: LSD ya gia za mshazari, jamii ya Torsen na Truetrac, bila mzigo huzunguka kama difu ya kawaida, ukiwa kwenye stendi huoni kitu. Na LSD ya sahani iliyokwisha hujibu hivyo hivyo. Ukipata jibu la "kawaida" na bado muuzaji anakuapia, hakuna njia ila kuchomoa shafti, kufungua propela na kutoa kichwa cha difu, kile kipande kinachobeba gia zake, uone kwa macho. Difu za nyuma za Land Cruiser na Hilux hutolewa kwa mbele, kichwa kizima, kwa hiyo si kazi ya kutisha.

Kama kuna swichi ya difuloki ya kiwandani, fuata waya mpaka kwenye difu uone kama mota inayoifunga ipo. Ikiwepo, iwashe. Taa inapaswa kumetameta, kisha ikatulia difu inapofunga. Ikimetameta bila kikomo wakati gari limesimama, usihukumu: meno hayajakutana. Likiwa limeshashushwa chini, tembea mita chache polepole huku ukikunja usukani kidogo. Ikiendelea kumetameta, mota imeganda kwa kutu. Ni ugonjwa wa kawaida wa mota hizo kwenye magari ambayo hayakuwahi kuzitumia, na mara nyingi mota hufunguka, hupigwa msasa na kupakwa grisi, ukawa umepata difuloki bila kununua. Ndiyo maana nasema kagua kwanza.

Hatua ya 4: Zipime njia zako

Mawe, makorongo, vivuko vya mito vyenye kingo zilizokatika: hapo tairi linanyanyuka, na difuloki haina mshindani. Mashimo marefu ya tope yaliyochimbwa na malori, vivyo hivyo.

Mchanga wa mito mikavu kama ile ya Ruaha ni habari nyingine. Punguza upepo hadi psi 18 au 20, weka 4L (fo-wili ya polepole) au 4H (fo-wili ya kasi) kadiri ya mzigo, na gari la difu za kawaida litapita mahali pengi. Tafadhali usininunulie difuloki kwa ajili ya mchanga kabla hujanunua geji ya upepo.

Pagumu kuamua ni udongo mweusi, ule wa kanda ya magharibi ya Serengeti na kando ya kinamasi cha Silale, Tarangire. Mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Barabara zake zimeinuliwa katikati na kuteremka pande mbili, na mtaro unakungoja. Kwa difu ya kawaida, tairi moja la nyuma likizunguka, jingine mara nyingi linabaki limetulia, na lile lililotulia ndilo linalolizuia gari lisiteleze kando. Ukifunga difu, yote mawili yanazunguka, yote mawili yanapoteza mshiko wa ubavuni, na mkia wa gari unateremka taratibu kwenda mtaroni huku wewe ukikata usukani bure. LSD ina tabia hiyo hiyo ikibana ghafla, ila kwa kiasi. Kwa sababu hiyo, anayesafiri zaidi kwenye barabara za mgongo zenye utelezi anahitaji kitu anachoweza kukifungua kwa swichi. Funga kwenye shimo, fungua kwenye mgongo.

Na mteremko wa ubavuni, mlima upande mmoja na bonde upande wa pili: difuloki iwe imefunguliwa. Hapo sibishani na mtu.

Hatua ya 5: Chagua aina

Sasa maoni yangu, nawe una hiari.

Gari la watalii au la mradi linaloingia porini masika: difuloki ya swichi, nyuma. Ya umeme ya kiwandani kama inapatikana, maana haina mabomba. La sivyo ya hewa. ARB ya Australia ndiyo inayojulikana zaidi, na kompresa yake inakujazia matairi pia, jambo ambalo peke yake linanishawishi. Bomba lake dogo ndilo udhaifu: lipitishe mbali na eksozi na mbali na mahali miiba inapokwaruza, lifunge kila sehemu.

Gari linaloshinda kwenye barabara ya kifusi kwa kilomita 80 kwa saa, likiingia tope mara mojamoja na dereva hubadilika kila wiki: LSD ya gia. Haina swichi ya kusahau na haina sahani za kuisha. Kama gari lina traksheni kontroli inayoshika breki ya tairi linaloteleza, kama Prado 150, ndoa yake na LSD ya gia ni nzuri sana. Breki inatoa ule ukinzani tuliouona Hatua ya 2, difu inauzidisha, bila mguu wako wa kushoto kuhusika.

LSD ya sahani: ikija na gari, itunze. Kuinunua mpya leo sioni sababu.

Difuloki za kujifunga zenyewe, kama Detroit, zina nguvu na ni rahisi. Lakini hujifunga na kujiachia katikati ya kona kwa mshtuko, na kwenye lami yenye mvua, gari fupi linaweza kukugeukia. Kwa gari la shamba sawa. Kwa gari lenye abiria siziweki.

Kama fedha inatosha difuloki au matairi ya tope lakini si vyote, nunua matairi.

Hatua ya 6: Nyuma au mbele?

Nyuma. Ya mbele ikifungwa usukani unakuwa mzito, na kwenye magari yenye sasipensheni huru mbele, jointi za CV (viungo vya shafti za mbele) zinavunjika ukikata kona huku umekanyaga mafuta.

Hatua ya 7: Kufunga

Fundi asiye na dayal geji, ile ya kupimia nafasi kati ya meno, asiguse krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni) zako. Mwombe akuonyeshe alama ya rangi inayoonyesha meno yanakutanaje kabla hajarudisha kichwa. Mengine ni kazi ya kawaida ya difu.

Hatua ya 8: Matumizi na oili

Funga kabla ya kuingia shimoni, gari likiwa limesimama au linatambaa. Kamwe usifunge tairi likiwa linazunguka bure: meno yanagongana na kitu kitakatika, mara nyingi saidi shafti. Ukitoka, zima, kisha nyoosha usukani na usogee mbele na nyuma kidogo mpaka taa izime. Kwenye lami difuloki haina kazi. Kiangazi, iwashe mara moja kwa mwezi kwenye vumbi ili mota au sili zisigande.

Oili: LSD ya sahani inataka GL-5 (daraja la oili ya difu) iliyoandikwa LSD kwenye kopo. Ukiweka ya kawaida itakoroma kila kona. Truetrac ni kinyume, haitaki kirutubisho cha LSD, wala oili ya sintetiki. GL-5 80W-90 ya kawaida inatosha. Ukivuka maji yaliyofika juu ya habu, kesho yake legeza bolti ya chini ya difu. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia: mwaga yote, na ukague bomba la kupumulia kabla hujajaza mpya.